Mpaka wa Mkono: Tahakiki ya Istilahi za Viungo vya Mwili, Ikitazamwa kutoka Sangailu

Makala haya yanakusudia kuzihakiki istilahi za Kiswahili zinazotumika kuvitaja viungo vya mwili wa mwanadamu. Si nia yetu kuongeza orodha nyingine juu ya orodha zilizopo. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa nchini Tanzania kwa sheria ya mwaka 1967, na hasa tangu Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, kisha Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na baadaye Kamusi ya Tiba mwaka 2003, mwenye kutafuta jina la kiungo hakosi pa kulitafuta. Swali letu ni jingine: jina likishapatikana, linaanzia wapi katika mwili na linaishia wapi? Hoja tutakayoitetea ni kwamba udhaifu mkubwa wa istilahi zetu za anatomia hautokani na uhaba wa majina. Unatokana na mipaka isiyowekwa ya majina yale ya kawaida ambayo kila msemaji hudhani anayajua. Zaidi ya hayo, mipaka hiyo ilikwisha kupimwa zamani na watu ambao waundaji wa istilahi, kwa kadiri orodha zao zinavyoonyesha, hawakwenda kuwauliza.

Tulipokuwa tukisomea shahada ya uzamili nchini Uingereza, mwalimu wetu wa somo la utungaji wa kamusi alimtaka kila mwanafunzi aandike majina ya viungo vya mwili katika lugha yake mwenyewe, bila kutazama kitabu. Tuliandika arubaini na kitu, tukakwama tumboni. Tulijua ini, figo, bandama na nyongo, lakini tulipofika kwenye vile vinavyounganisha kimoja na kingine, kalamu ilisimama. Mwenzetu mmoja, mtoto wa mchinjaji kutoka nchi nyingine kabisa, alijaza kurasa mbili. Wakati ule tulidhani kwamba lugha yake ni tajiri kuliko yetu. Ilitubidi tufike Sangailu ndipo tukafahamu kwamba tofauti ilikuwa katika kazi ya baba yake.

Sangailu ni mji mdogo katika eneo la Ijara, Kaunti ya Garissa, upande unaoelekea msitu wa Boni na mpaka wa Somalia. Wengi wa wakazi wake ni Wasomali wafugaji wa ng'ombe. Na katika msitu ule wapo pia Waaweer, ambao majirani zao huwaita Waboni, watu waliokuwa wawindaji hadi Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Kiswahili kwa wote hawa ni lugha ya pili au ya tatu. Ni lugha ya mwalimu, ya askari, ya dereva wa lori na ya mhudumu wa zahanati aliyetoka mkoa wa mbali. Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini basi tuzipime istilahi za Kiswahili mahali ambapo Kiswahili ni mgeni? Jibu letu ni kwamba katika mji kama huo ndipo neno hupimwa kwa ukali. Lamu au Unguja, msemaji akisema jambo nusu, msikilizaji humalizia kwa ujuzi wa lugha aliyozaliwa nayo. Sangailu hakuna wa kumalizia. Kila neno hubeba kile tu lilichonacho.

Tuanze na mkono. Tulikuwa tumekaa na wazee kadha wa kadha chini ya mti, nao wakizungumza juu ya kijana aliyejeruhiwa kwa panga katika ugomvi wa kisimani. Kijana mmoja msomi, aliyekuwa akitufasiria, alisema kwa Kiswahili kwamba mtu huyo "amekatwa mkono." Mzee mmoja aliyekuwa akikifahamu Kiswahili vizuri kuliko alivyopenda kukionyesha alimkatiza: "Mkono upi huo, mwanangu? Mpaka wapi?" Kisha akakishika kifundo cha mkono wake wa kushoto kwa vidole viwili vya mkono wa kulia, akakisogeza kishiko hicho juu kidogo kidogo mpaka kwenye kisugudi, akimtazama mfasiri aseme basi. Mfasiri hakuwa na la kusema. Hakujua jeraha liko wapi, kwa sababu aliyemwambia alimwambia kwa Kiswahili.

Hapa hapana budi tuseme wazi kwamba neno moja kuwa jina la kiganja na la mkono mzima si aibu ya Kiswahili. Cecil H. Brown, katika uchunguzi wake uliochapishwa mwaka 2005 juu ya lugha zaidi ya 600 za dunia, aliona kwamba zaidi ya theluthi moja ya lugha hizo hutumia jina moja kwa sehemu hizo mbili. Kisomali chenyewe kina neno "gacan" linalofanya kazi hiyo hiyo. Lakini tazama kinachofuata. Chini ya "gacan" Msomali ana "cudud" kwa sehemu iliyo juu ya kisugudi, "dhudhun" kwa sehemu iliyo chini yake, "curcur" kwa kifundo na "calaacal" kwa kitanga. Na mfugaji wa kawaida huyatumia maneno haya pasipo kufikiri. Kiswahili nacho kina kigasha, kitanga, kiganja, kisugudi na kivi. Ila muulize mwanafunzi wa chuo kikuu kigasha ni nini, nawe utaona anavyojishika shika mwilini kama mtu aliyepoteza funguo.

Mpaka wa mkono katika Kiswahili hubadilika kwa kadiri ya shughuli. Mkono wa salamu ni kiganja: tunapopeana mkono hatupeani kigasha. Mkono wa shati huanzia begani. Mkono wa kupimia nguo, ambao ndio dhiraa, huanzia kisugudini na kuishia kwenye ncha ya kidole cha kati, na wauza nguo wa pwani walitofautisha tena dhiraa kamili na dhiraa konde, ambayo huishia penye ngumi. Hao ni wafanyabiashara, si matabibu, lakini walijua kwamba penye fedha neno lisilo na mpaka huzaa ugomvi. Kwa hiyo walilitia mpaka. Na mkono wa hakimu wa majeraha, kama tutakavyoona sasa hivi, huishia penye kifundo. Kiswahili, basi, kina mikono minne, na kila mmoja umepimwa barabara na wenye shughuli yake. Kamusi zetu aghalabu humpa msomaji mkono mmoja usio na shughuli yoyote.

Swali la yule mzee halikuwa la udadisi. Katika fiqhi ya Kishafii, ambayo ndiyo madhehebu ya Waislamu wengi wa pwani na ya Wasomali, diya kamili ya mwanamume ni ngamia 100. Mkono mmoja ukikatwa penye kifundo, diya yake ni nusu, yaani ngamia 50. Ukikatwa juu zaidi, ile sehemu iliyozidi kifundo hukadiriwa peke yake na kuongezwa. Kila kidole ni ngamia 10. Na kila pingili ya kidole ni theluthi ya hao 10, isipokuwa pingili ya kidole gumba, ambayo ni ngamia 5, kwa sababu gumba lina pingili mbili tu hali vidole vingine vina tatu. Mwanafunzi wa udaktari hulijifunza jambo hilo katika mwaka wake wa kwanza. Mwanafunzi wa fiqhi alilijifunza kabla yake kwa karne nyingi. Ama majeraha ya kichwa, yamepangwa kwa kadiri ya tabaka lililofikiwa: jeraha lililofichua mfupa ni ngamia 5, lililouvunja ni 10, lililousogeza kutoka mahali pake ni 15, na lililofika kwenye utando wa ubongo ni theluthi ya diya nzima. Vivyo hivyo jeraha lililopenya hata ndani ya kiwiliwili ni theluthi. Hiyo ni anatomia kamili ya fuvu, kutoka ngozi hadi utando, iliyotungwa ili watu wasiuane tena.

Mahakama za Kenya hazihukumu jinai kwa mizani hiyo. Zina Kanuni ya Adhabu, ambayo nayo hutenganisha madhara na madhara makubwa, na zina ile fomu ya polisi iitwayo P3 ambayo mganga huijaza baada ya kumpima aliyeumizwa. Lakini wazee wa Kaskazini Mashariki huendelea kusuluhisha kwa diya, ambayo kwa Kisomali huitwa "mag", na mara nyingi shauri moja hupita njia zote mbili. Maelezo hutoka katika Kisomali, yakaingia katika Kiswahili cha askari, yakatoka kwa Kiingereza katika fomu. Katikati ya safari hiyo "curcur" na "dhudhun" huanguka vyote viwili katika shimo moja liitwalo mkono. Huwezi kumlaumu askari. Yeye ametumia Kiswahili sanifu.

Katika yote tuliyoyataja, neno linalotutia wasiwasi zaidi ni kiwiko. Wapo wasemaji, nao ni wengi, ambao kiwiko kwao ni pale mkono unapokunjwa katikati, yaani kisugudi au kivi. Wapo wengine ambao kiwiko cha mkono ni kile kifundo kilicho karibu na kiganja, na ambao husema vilevile kiwiko cha mguu wakikusudia kifundo cha mguu. Hitilafu hii ina umri mkubwa, wala hatuwezi kusema kwamba upande mmoja umekosea. Mtu mzima wa pwani huisuluhisha kwa kutazama mkono wa msemaji. Lakini katika karatasi hakuna mkono wa kutazama, na baina ya viwiko hivyo viwili kuna urefu wa kigasha kizima. Kwa maoni yetu, neno kiwiko halifai kuwa istilahi ya tiba wala ya sheria. Libaki katika lugha ya nyumbani, ambako halimdhuru mtu. Kisugudi kitumike kwa kiungo cha katikati. Na kwa kifundo cha chini ama tuseme kifundo cha mkono, ama tulifufue neno la zamani kilimbili, ambalo lina sifa moja kubwa: hakuna anayelitumia kwa maana ya pili.

Tuje sasa kwenye mshipa. Hatulijui neno jingine la mwili katika Kiswahili linalofanya kazi nyingi kama hili. Mshipa hupitisha damu. Mshipa pia hupitisha hisi, ndiyo maana wengine husema mshipa wa fahamu. Mshipa hufunga nyama kwenye mfupa, ingawa ipo kano kwa kazi hiyo. Mshipa hupiga, tukaambiwa mgonjwa amepimwa mshipa. Mshipa ni ugonjwa wa kinena na wa mapumbu. Na asiye na aibu tunasema kwamba hana mshipa wa haya, ambao, tunadhani, daktari yeyote hataupata kwa kisu.

Katika zahanati moja ya sehemu hizo tulimsikia mama mmoja akieleza maradhi ya mumewe kwa Kiswahili kidogo alichokuwa nacho. Alisema, "Mshipa ya mguu imekatika." Mhudumu, ambaye alikuwa mtu mpole na mwenye subira, aliuliza kama damu ilitoka nyingi. Mama akasema haikutoka. Mhudumu akauliza kama mguu umekufa ganzi. Mama akasema haukufa. Mhudumu alikuwa akizifuata, moja baada ya moja, maana mbili za neno alizofundishwa chuoni, na ile ya tatu haikumjia. Hatimaye mama aliinama akashika nyuma ya kisigino chake mwenyewe. Alikuwa akizungumza juu ya "boqon", ile kano nene iliyo nyuma ya kisigino, ambayo mfugaji huijua vizuri sana kwa kuwa ng'ombe aliyekatika hapo ni wa kuchinjwa. Katika lugha yake maneno matatu yalikuwa wazi: "boqon" hiyo, "xidid", ambalo ni mshipa wa damu na pia ni mzizi wa mti, na "halbowle", ule mshipa mkubwa wa damu ambao ukikatwa hakuna kuishi. Aliyapeleka matatu hayo sokoni kwa Kiswahili akarudishiwa neno moja.

Waundaji wa istilahi waliliona tatizo hili mapema, nasi tunawapa haki yao. Walileta neva, ateri na vena, maneno ambayo leo mtoto wa shule ya msingi wa Tanzania huyajua katika somo la sayansi. Hatuyapingi. Neva hasa ni neno lililokuja kwa wakati, kwani hapakuwa na mtu mwenye kisu, awe mchinjaji au mkunga, aliyekuwa na sababu ya kuutenganisha uzi ule mweupe na kano. Lakini maneno haya yalitufanya tuamini kwamba kazi imekwisha. Yaliongezwa kando ya mshipa. Mshipa wenyewe haukuguswa. Mama yule angeweza kufundishwa neva, ateri na vena zote tatu, na bado angesema mshipa, kwa sababu alichotaka kukitaja si chochote katika hizo tatu. Kilikuwa ni kano, neno la Kibantu, fupi, lililomo katika kamusi zetu zote, ambalo mhudumu hakulijua na mama hakuwahi kulisikia. Tuliazima kwa mbali tulipopungukiwa. Tulichokuwa nacho tukakiacha ghalani.

Kwa nini kano ilisahauliwa na neva ikasambaa? Kwa sababu neva ina kitabu, na kano ina buchani tu. Mtu aliyeketi mezani na kitabu cha anatomia cha Kiingereza upande wa kushoto na karatasi tupu upande wa kulia hufuata mpangilio wa kitabu. Neno la kitabu linapokosa mwenzake, huunda. Ni utaratibu mzuri wa kutafsiri kitabu. Lakini jina lenyewe la elimu hiyo lina asili ya Kigiriki yenye maana ya kukata na kupasua. Anatomia ilianza kwa kisu, na katika Afrika Mashariki walikuwapo wenye visu.

Tukumbuke mchinjaji wa Kiislamu. Fiqhi hiyo hiyo ya Kishafii humtaka akate vitu viwili: njia ya pumzi na njia ya chakula, ambayo kwa Kiswahili ni umio. Inapendekezwa kwamba aikate pia mishipa miwili iliyo ubavuni mwa shingo. Maana yake ni kwamba kila kijana wa Sangailu, wa Siyu au wa Pemba aliyepewa kisu kwa mara ya kwanza alifundishwa kwanza kuvitenganisha vitu vinne ambavyo sisi wasomi tumeviita vyote koo. Mwandishi mkubwa aliyeieleza safari ya damu kutoka moyoni kwenda mapafuni na kurudi, Ibn al-Nafis, aliyefariki Kairo mwaka 1288, alikuwa pia mwanachuoni wa fiqhi ya Kishafii. Hatudai kwamba aliipata elimu yake ya moyo kutoka machinjioni. Tunachosema ni kwamba elimu ya sheria na elimu ya viungo zilikaa katika kichwa kimoja bila kugombana, hali sisi tumezitenga katika vitivo viwili visivyosalimiana.

Twatarajia pingamizi hapa, nalo ni zito. Mwili wa ng'ombe si mwili wa mtu. Galen, mganga wa Kigiriki wa karne ya 2, aliwapasua nyani na nguruwe kwa kuwa kupasua maiti za watu hakukuruhusiwa Roma, akaandika kwamba chini ya ubongo wa mtu upo wavu wa mishipa ya damu. Wavu huo upo kwa kondoo na ng'ombe. Kwa mtu haupo. Kosa hilo lilifundishwa kwa zaidi ya miaka elfu moja mpaka Vesalius alipolikanusha katika kitabu chake cha mwaka 1543. Ni dhahiri, basi, kwamba istilahi za mwanadamu haziwezi kuchukuliwa kutoka buchani na kubandikwa hivi hivi. Ng'ombe ana matumbo manne, na mfugaji anayafahamu kila moja kwa jina lake. Mtu analo moja. Lakini pingamizi hili hutuzuia kuhamisha ramani, halituzuii kuhamisha majina. Kano ya ng'ombe na kano ya mtu ni kitu kimoja kwa umbo na kwa kazi. Umio ni umio. Gegedu ni gegedu. Kosa la Galen lilikuwa kudai kwamba kipo kisichokuwapo. Jina lake halikuwa na kosa.

Aidha, wako wanaosema kwamba majina ya buchani na ya jikoni hayana heshima ya kutosha kuingia katika sayansi. Hoja hii haitushughulishi sana. Kile kifuniko cha goti ambacho Kilatini hukiita "patella", maana yake ni kisahani. "Tibia" ni filimbi. "Fibula" ni kishikizo cha nguo. "Clavicula", ambao ni mtulinga, ni ufunguo mdogo. "Pelvis" ni beseni. Ni vyombo vya nyumbani tu, vikapewa joho. Waswahili waliutazama mfupa ule ule wa goti wakaona pia, ile achezayo mtoto, wakasema pia ya goti. Waliutazama uti wa mgongo wakaona muwa, wakasema pingili. Kile kinyama kinachoning'inia kooni wakakiita kidaka tonge. Bucha za Nairobi huziita sehemu mbili za tumbo la ng'ombe taulo na Biblia, nasi hucheka. Lakini wenye Kilatini chao waliliita tumbo hilo la pili "psalterium", yaani kitabu cha Zaburi, wala hakuna aliyecheka.

Mfano tuupendao kuliko yote ni chembe cha moyo. Chembe, kwa maana yake moja, ni kile kichwa cha mshale. Pale kidari kinapokwisha, juu ya tumbo, upo mfupa mdogo wenye ncha, na Waswahili wakapaita mahali hapo chembe cha moyo. Wagiriki waliutazama mfupa huo huo wakauita kwa jina lenye maana ya "mfano wa upanga." Watu wawili wasiojuana, wenye silaha mbili, wakaona kitu kimoja. Jina kama hili haliundwi katika kamati. Wala halihitaji kuelezwa kwa Mwaaweer ambaye babu yake aliishi kwa upinde. Ukilitamka na kulionyesha mara moja, halimtoki tena. Hata hivyo tumeona vitabu vya shule ambamo mfupa huo umepewa jina refu la kuazimwa, na chembe cha moyo hakikutajwa hata kwa mabano. Ipo sababu moja ya haki: kwa wasemaji wengi chembe cha moyo ni mahali pa maumivu, si mfupa, na katika matumizi hayo moyo wenyewe hauhusiki, kwani mwenye kuumwa hapo aghalabu anaumwa na tumbo. Mganga asiyelijua hilo atasikia moyo akashika kifua. Hapa tena jina ni zuri na mpaka haujawekwa.

Hatuna nafasi ya kuzungumzia majina ya uzazi, ambayo yanastahili makala yao peke yao: mji wa mimba, nyumba ya mtoto, kondo la nyuma, zalio. Hayo yamo mikononi mwa wakunga, na mwanamume mgeni mwenye daftari si mtu wa kuyakusanya Sangailu. Itafaa wenzetu wa kike katika idara waitwae kazi hiyo kabla wazee hao hawajaondoka nayo.

Ama kuhusu kamusi zitakazofuata, pendekezo letu ni dogo na lina gharama. Kila kidahizo cha kiungo kielezwe kwa kutaja kinapoanzia na kinapoishia, na pale neno linapokuwa na mipaka zaidi ya mmoja, kila mpaka utajwe pamoja na shughuli yake. Gharama yake ni kwamba mtunzi itambidi atoke ofisini, aende machinjioni asubuhi na mapema na barazani jioni. Kwa mfano, mkono tungeueleza hivi: 1. kiungo cha mwili kutoka begani hadi kwenye ncha za vidole, 2. (sheria ya diya) sehemu ya kiungo hicho kutoka kwenye kifundo hadi kwenye ncha za vidole, bila ya kigasha, 3. (biashara ya nguo) kipimo kutoka kisugudini hadi kwenye ncha ya kidole cha kati, 4. (salamu) kiganja. Na mshipa: 1. mrija wa damu mwilini. Kwa ule wa hisi tazama neva. Kwa ule wa kufungia nyama kwenye mfupa, kama ulio nyuma ya kisigino, tazama kano.